Jani Lisiloliwa

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kusubiri rangi ya njano. Asubuhi natoa kimeng'enya jokofuni, nakilaza juu ya barafu iliyopondwa, natia matone yake kwenye kichupa cha kioo, naongeza hiki na kile kwa mpangilio ule ule wa jana, halafu nakaa kimya mbele ya mashine. Njia hiyo waliibuni George Ellman na wenzake huko Marekani, wakaichapisha mwaka 1961, na hadi leo haijaachwa. Unakipa kimeng'enya chakula chake kikikate. Kipande kimoja cha chakula hicho kina salfa. Salfa ikikutana na dawa ya Ellman, maji yaliyokuwa maangavu huanza kuingia rangi, kwanza kama chai ya mchaichai iliyozimuliwa, baadaye kama maji ya bizari. Njano ikija upesi, kimeng'enya ni kizima. Isipokuja, kipo kitu kimekikaba.

Mshahara wangu ulitoka kwenye ile isiyokuja.

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa asetilikolinesterasi, jina refu kuliko kazi yake. Neva ikitaka msuli ujikunje humwaga asetilikolini. Ujumbe ukishafika, lazima awepo wa kufuta ubao, la sivyo msuli utaendelea kutii amri iliyokwisha kupita. Kimeng'enya ndicho kifutio, na kimoja hufuta maelfu ya molekuli kwa sekunde moja. Kikabe, na mdudu atatetemeka, atalala chali, atakufa. Binadamu naye ana kifutio hicho hicho, ndiyo maana mpiga dawa asiyevaa barakoa hurudi nyumbani jasho jingi, mate yanamtoka na macho hayaoni vizuri. Jamii mbili kubwa za viuadudu zilizoingia mashambani baada ya DDT, zile za fosfati na zile za karbameti, zote hupitia mlango huu.

Wanafunzi wangu husinzia mpaka hapo. Huinua vichwa nikifika Calabar. Kule, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo, mtuhumiwa wa uchawi alilishwa mbegu za mmea mmoja unaotambaa, mbegu zinazofanana na maharage makubwa ya rangi ya kahawia iliyokolea. Akifa, alikuwa na hatia. Akitapika na kupona, aachiwe. Inasemwa kwamba mwenye moyo safi alimeza harakaharaka kwa kujiamini, tumbo likakataa. Mwenye wasiwasi alionja kidogokidogo, na sumu ikapata muda wa kukaa. Mwaka 1855 daktari wa Edinburgh, Robert Christison, alizijaribu mbegu hizo kwa kinywa chake mwenyewe, akaona mambo yanageuka, akanywa maji aliyokwisha kunyolea ndevu ili atapike. (Anayetaka somo la usalama wa maabara asianzie kwake.) Sumu ile ikaja kuitwa fisostigmini. Mwaka 1935 Percy Julian, mkemia Mmarekani Mweusi, mjukuu wa watumwa, aliijenga maabarani kutoka mwanzo akiwa na Josef Pikl. Kutokana na umbo lake ndipo zilipokuja kuchongwa karbameti, unga na maji tunayouziwa madukani. Kiapo cha Calabar kikaingia kwenye chupa yenye kifuniko cha plastiki.

Kifuniko hicho ndicho kilichonitoa maabarani. Mkulima mmoja wa nyanya alinijia akiwa na chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu anayezijua dawa. "Mwalimu, zamani nilitia vifuniko viwili kwenye bomba la lita ishirini, wadudu wakafa. Mwaka juzi vitatu. Sasa natia vitano na vidukari wanacheza tu. Niongeze vingapi?"

Nilijua jibu la kitaalamu. Vidukari waliosalia ni wale waliokuwa na kimeng'enya kingine, ndugu wa yule ninayemfuga jokofuni, nacho wanakitengeneza kwa wingi hata kinaimeza sumu kabla haijafika inakokwenda. Rothamsted, kituo kikongwe cha utafiti wa kilimo Uingereza, walikwisha kulieleza jambo hilo kwa kidukari wa pichi na viazi, hatua kwa hatua, mpaka kwenye jeni. Ningeweza kumchorea yule mzee mchoro mzuri. Nilichoshindwa kumwambia ni idadi ya vifuniko, kwa sababu idadi haikuwepo. Kila kifuniko alichoongeza kilikuwa kinawachuja vidukari wake, kinawaua wanyonge na kuwabakizia wababe shamba zima.

Nilimwambia apumzishe dawa. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apumzishe kula.

Nilipotangaza kwamba naacha vimeng'enya, naingia kwenye mimea inayojikinga yenyewe na wadudu, mwenzangu mmoja kazini aliniuliza kama nitaanza na tunguli au na ramli. Nilicheka. Usiku sikucheka. Alikuwa amegusa hofu yangu: kwamba naondoka kwenye kazi ya kupima naenda kwenye kazi ya kusadiki. Ilinichukua misimu kadhaa kuona kwamba sikuwa nimehama kazi. Nilikuwa bado nasubiri kisichotokea, isipokuwa sasa kilikuwa nje, juani.

Mwaka 1959, Sudan, nzige wa jangwani walitua na kula kila kilichokuwa kijani. Mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona miti imesimama na majani yake yote katikati ya ardhi iliyobaki vijiti. Ilikuwa miarobaini. Sisi huku mti huo tulikwisha kuupa jina la maradhi arobaini, tukauoga, tukaunywa kwa homa huku tumekunja uso, tukafunika mahindi ghalani kwa majani yake. Ila sidhani kama wengi wetu tuliwahi kuuliza swali la nzige. Miaka tisa baadaye Butterworth na Morgan, wakemia wa Chuo Kikuu cha Keele, walitenga kutoka kwenye mbegu zake kitu kinachomfanya nzige mwenye njaa akatae kula. Wakakiita azadiraktini.

Umbo la molekuli hiyo liliwatoa watu jasho. Kaboni 35, haidrojeni 44, oksijeni 16, zimesokotwa na kubanana kama ukili kwenye mkeka wa bibi harusi. Wakubwa wa fani walipendekeza michoro iliyokuja kukosolewa. Makubaliano yalipatikana katikati ya miaka ya 1980. Kisha Steven Ley na kundi lake wakajaribu kuijenga kwa mikono yao, wakamaliza huko Cambridge mwaka 2007, baada ya miaka 22. Mti wa uani kwa shangazi yangu huijenga kila msimu wa matunda, popo wakila nyama ya tunda na kuangusha mbegu. Hapo ndipo nilipoacha kuionea aibu kazi mpya. Mtu anayeisoma mimea haokoti mabaki ya kemia. Anasoma kwa fundi aliyemtangulia.

Haifai kuipamba, hata hivyo. Azadiraktini haiui papo hapo. Kiwavi anakula kidogo, anakosa hamu, na siku ya kujivua ngozi anakwama katikati, nusu yake ndani ya vazi la zamani. Mkulima aliyezoea kuona wadudu wakianguka kabla hajashusha bomba mgongoni hulalamika kwamba umemuuzia maji. Na jua la hapa kwetu huivunja dawa hiyo ndani ya siku chache, kwa hiyo anayepiga asubuhi ya Jumatatu asitegemee sana Ijumaa.

Ufundi wenyewe niliujifunza kwa kurudiarudia jaribio moja dogo, ambalo nikiulizwa nafanya kazi gani hulieleza hilo tu. Unachukua jani changa la hindi, unalitoboa kwa kitoboleo upate visahani vya ukubwa mmoja. Nusu unavichovya kwenye maji ya mmea unaouchunguza. Nusu nyingine unavichovya kwenye kile kiyeyushio kitupu, bila mmea, kwa sababu kiwavi anaweza kuchukia spiriti yako ukadhani amechukia mti wako. Unavianika. Unavipanga kwenye duara juu ya karatasi mbichi, kimoja hiki, kimoja kile. Katikati unamweka kiwavi uliyemnyima chakula tangu jioni. Unafunika. Unakwenda kulala, au unajidanganya kwamba umelala.

Asubuhi unahesabu mashimo.

Kwa jaribio la namna hii, katika miaka ya 1970, Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao waliopitia Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe ambacho Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970, walifika kwenye gome la mti uitwao muthiga. Wakikuyu hulitafuna kwa kikohozi na maumivu ya jino. Ni kali, pilipili yake inachelewa kufika na inachelewa kuondoka. Kiwavijeshi wa Afrika, ambaye akivamia shamba la mahindi huliacha mabua, aliacha visahani vilivyopakwa maji ya gome hilo. Mwaka 1976 walitangaza kiini chake, warburganali. Na kilichofuata ndicho kilichonifurahisha mimi, mtu wa vimeng'enya: ilionekana kwamba kiwavi aliyekiramba hupoteza ladha kwa muda. Ulimi wake, tuseme hivyo, unakufa ganzi. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba molekuli hii inashika salfa zilizoko kwenye protini za kuonjea, salfa ya namna ile ile niliyoitazama ikigeuka njano kwa miaka kumi na mmoja. Wengine walipinga, wakasema si salfa, ni naitrojeni. Nilisoma mabishano yao kama mtu aliyekuta watu wa kijijini kwake wanagombana ughaibuni.

Ugumu huja baada ya hapo. Maji ya gome yana mamia ya vitu. Unayapitisha kwenye bomba la kioo lililojaa unga wa silika, unayakinga kwenye neli arobaini, na kila neli lazima irudi kwa kiwavi ionjwe. Neli ya 17 imekataliwa. Vizuri, igawe tena. Unaigawa, na katika vipande vyake vyote kiwavi anakula kwa raha. Nguvu imekwenda wapi? Labda joto la mashine ya kuvukizia limeiharibu. Labda ilikuwa kazi ya vitu viwili vilivyokuwa vinashirikiana, nawe umevitenganisha. Labda siku ile ya kwanza kiwavi alikuwa anakaribia kujivua ngozi, na kiwavi anayekaribia kujivua hali chochote, hata umpe asali. Niliwahi kupoteza msimu mzima kwa hilo la mwisho. Sikumwambia yule mwenzangu wa tunguli.

Kuna uadilifu katika kumfanya mdudu kuwa hakimu. Hajui cheo chako, hasomi ulichoandika kwenye maombi ya fedha. Mashine inaweza kukupa mistari mizuri ya kitu kisicho na maana yoyote shambani. Kiwavi anakupa shimo au anakunyima. Mazoea ya maabara ya vimeng'enya hayakupotea hata moja: kuweka vitu baridini, kuandika saa, kutoamini jibu la kwanza, na kuwa na kisahani kisichopakwa kitu pembeni ya kila kilichopakwa.

Harufu ni ngumu zaidi, maana huwezi kuichovya. Mwaka 1959 Adolf Butenandt alitangaza kwamba ameijua harufu ambayo nondo jike wa hariri humwitia dume. Ilimchukua karibu miaka ishirini na nondo nusu milioni kupata chembe ya kupimia. Siku hizi unafunika mmea mzima kwa mfuko safi, unavuta hewa yake polepole ipite kwenye chujio linaloshika harufu, kisha unaisafirisha harufu hiyo ndani ya mrija mrefu mwembamba ambamo vitu vyake vinaachana njiani. Mwisho wa mrija, nusu inakwenda kwenye mashine na nusu inapulizwa juu ya papasi moja ya nondo, ile pembe yake ya kunusia, iliyokatwa na kubanwa kati ya nyaya mbili. Papasi iliyokatwa huishi kwa muda. Kila ikitambua harufu, sindano inaruka. Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza kama mtu aliyeingia msikitini watu wakiwa wamesujudu.

Kwa uvumilivu wa aina hiyo Zeyaur Khan wa icipe, John Pickett wa Rothamsted, Ahmed Hassanali na wenzao walijenga, kuanzia miaka ya 1990, kilimo kinachoitwa sukuma-vuta. Pickett, kabla ya wadudu, alichunguza harufu za hopsi na kimea kwa ajili ya watengeneza bia; yeye naye alihama. Makao ya kazi hiyo yalikuwa Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Kenya. Adui ni kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi na kuishi ndani, mahali ambapo bomba la dawa halimfikii. Kuzunguka shamba walipanda mabingobingo. Kati ya mistari ya mahindi, desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa. Nondo jike anayatafuta mahindi, harufu ya desmodiamu inamsukuma, ndivyo walivyosimulia, anakuta mabingobingo yananukia kwa mvuto zaidi, anataga huko. Viwavi wakitoboa, jani linatoa utomvu wa kunata, na wengi hawafiki ukubwani.

Kuna jambo katika hesabu zao sijawahi kulizoea. Giza linapoingia, ndani ya saa ile ya kwanza tu, mabingobingo huongeza harufu yake mpaka mara 100. Mahindi na mtama huongeza pia, lakini havipiti mara 10 hivi. Na hiyo ndiyo saa nondo anapotafuta pa kutaga. Nilikwenda Mbita nikasimama kando ya shamba magharibi ikiingia, vyura wakianza, wavuvi wakishusha taa za dagaa ziwani. Sikunusa chochote ila moshi wa kuni na samaki. Makelele yote yale yalikuwa yanapita mbele ya pua yangu.

Watafiti wale walijaribu pia nyasi ya Kiafrika yenye manyoya ya kunata, nayo ilikuwa na siri yake. Hindi likitafunwa hutoa harufu fulani, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya miili ya viwavi huifuata kama majirani wanavyoufuata uyowe. Nyasi ile huitoa harufu hiyo bila kutafunwa na yeyote. Inapiga uyowe mwizi akiwa bado kwao. Khan na wenzake waliliandika hilo kwenye jarida la Nature mwaka 1997.

Halafu kiduha. Anayelima mtama au mahindi Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa: ua zuri la zambarau linaloota kwenye miguu ya mahindi, na chini ya ardhi limeshika mizizi, linanyonya. Mmea mmoja humwaga mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi la ugoro, zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri kunusa mzizi. Desmodiamu ilipandwa kwa ajili ya nondo. Hakuna aliyeiomba chochote kuhusu kiduha. Lakini mistari iliyokuwa nayo ilibaki safi, na watu waliokuwa wamezoea kuangalia kisichotokea hawakupita tu. Walichimba, wakaosha mizizi, wakakuta kwamba desmodiamu humwaga udongoni vitu vya namna mbili: vingine huiamsha mbegu ya kiduha ichipue, vingine huudumaza mzizi wake mchanga usifike popote. Inaamshwa ili ife, na ghala la mbegu udongoni linapungua mwaka hadi mwaka.

Ningependa kuishia hapo penye utamu, ila kazi hii haina adabu hiyo. Mwaka 2024 ilitoka makala ya watafiti wengine waliopima upya harufu ya desmodiamu shambani, wakasema ni hafifu mno, na nondo hawakuikimbia kama ilivyosimuliwa. Walichokiona wao kilikuwa juu ya majani: vinyweleo vyenye ndoano ambamo viwavi wachanga hunasa, wakachubuka na kufa. Sukuma huenda si sukuma. Huenda ni mtego. Kuna wanaotetea harufu bado. Mimi niliposoma nilichukua jani la desmodiamu nililokuwa nimelikausha ndani ya kitabu, nikalipitisha kwenye kidole. Linakwaruza. Limekuwa likinikwaruza kwa miaka, na muda wote huo nililihesabu kuwa usumbufu wa kuvuna.

Juzi usiku mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, ambaye kwao ni Kondoa, alinitumia picha. Viwavijeshi wamepita, mahindi yamekwisha, malisho yamekwisha. Katikati ya uwanda uliobaki udongo, kishungi kimoja cha kijani.

"Shikamoo Mwalimu. Hiki wamekiacha."

"Marahaba. Usijichoshe, mama. Kiwavijeshi ni mla nyasi. Kichaka angekiacha tu."

"Najua, Mwalimu. Kuza picha."

Nikaikuza. Majani membamba, vifundo kwenye bua, shuke linaanza kutoka. Nikavaa miwani nikaikuza tena.

"Ni nyasi," niliandika.

"Ni nyasi, Mwalimu."

Nikamwambia aing'oe na mizizi yake, aifunge kwenye gazeti, asiioshe, na ang'oe pia visiki vya zile zilizoliwa pembeni yake, avifunge mbalimbali. Nikamuuliza jina lake kwa lugha ya kwao.

"Nimemuuliza bibi. Amekataa kunitajia. Anasema nikaangalie kwanza kama ng'ombe wanaila."